Bruda Walfrid alianzisha Celtic ili watoto wale. Kanisa lako linamchezea nani?

Unalikumbuka lile bao la Victor Wanyama dhidi ya Barcelona? Ilikuwa Novemba 7, 2012, jijini Glasgow, Scotland. Kona ikachongwa, Wanyama akapaa juu ya walinzi, akapiga kichwa, mpira wavuni. Celtic wakashinda 2-1, na hiyo ilikuwa Barcelona ya Messi, Xavi na Iniesta, si mchezo. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi na mechi ilianza karibu saa tano usiku saa zetu, kwa hivyo bao hilo nililisikia asubuhi, kila mtu akilisimulia kana kwamba alikuwa uwanjani.

Kitu ambacho hatukuambiwa ni kwamba juma hilo klabu ilikuwa ikisherehekea kutimiza miaka 125. Na ukirudi nyuma miaka hiyo 125, hukuti tajiri aliyetaka kununua timu. Unakuta ukumbi wa kanisa, waumini maskini, na mwalimu mkuu mmoja ambaye shida yake haikuwa mpira. Shida yake ilikuwa watoto kuja shuleni bila kula.

Huyo mwalimu ndiye ninayetaka umjue leo. Jina lake la kanisani ni Bruda Walfrid. Na kama umewahi kuketi ibadani ukajiuliza kanisa lenu lipo kwa ajili ya nini hasa, endelea kusoma.

Mtoto wa njaa

Alizaliwa Mei 18, 1840, akaitwa Andrew Kerins. Kwao ni Ballymote, kaunti ya Sligo, Ireland. Familia za mashambani huko zilitegemea viazi jinsi sisi tunavyotegemea unga. Sasa fikiria unga wote wa nchi uoze ghalani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kuanzia 1845, ugonjwa ulipovamia viazi. Andrew alikuwa na miaka mitano.

Njaa hiyo iliendelea hadi karibu 1852. Takriban watu milioni moja walikufa kwa njaa na magonjwa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama nchi. Na kinachouma zaidi ni kwamba vyakula vingine viliendelea kupakiwa melini na kuuzwa nje huku watu wakifa.

Andrew alinusurika. Mwaka 1855, akiwa kijana wa miaka 15 hivi, alivuka bahari akaingia Glasgow kutafuta kazi, kama maelfu ya Wairishi wengine. Mchana alifanya vibarua, jioni alisoma. Walimu wake wa jioni walikuwa watawa wa shirika la Marist, wanaume walioweka nadhiri ya kutooa na kutojilimbikizia mali, kazi yao kufundisha watoto wa maskini. Mwaka 1864 akajiunga nao. Akapelekwa Ufaransa kufunzwa, akapewa jina jipya: Walfrid.

Kama hujui mambo ya Wakatoliki, bruda si padri. Haendeshi misa wala hapokei maungamo. Walfrid hakuwa na mimbari. Alikuwa na darasa.

Eastlands ya Glasgow

Mwaka 1874 akawa mwalimu mkuu wa shule ya Sacred Heart, mtaa wa Bridgeton, upande wa mashariki wa Glasgow. Ndiyo, mashariki. Naona hata miji ya watu ina Eastlands yake. Familia nzima chumba kimoja, moshi wa viwanda, kifua kikuu, wazazi wakilipwa kwa siku na siku nyingine hakuna kitu. Wairishi walionekana wageni waliokuja kuchukua kazi za watu, na dini yao Katoliki ikazidisha chuki.

Shule za Kikatoliki wakati huo hazikuwa ndani ya mfumo wa shule za umma wa Scotland. Parokia ndiyo iliyozibeba. Kwa hivyo kila kitu, kuanzia dawati hadi mshahara, kilitegemea kwa kiasi kikubwa mifuko ya watu ambao wenyewe walikuwa hawana.

Walfrid aliona jambo ambalo kila mwalimu wa mtaani analiona: huwezi kumfundisha mtoto mwenye njaa. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na kuna majuma nilihudhuria mihadhara nikiwa nimekunywa maji tu. Ukiniuliza kilichofundishwa siku hizo, sijui. Kwa hivyo hapa namwelewa kabisa huyu bruda.

Katikati ya miaka ya 1880, pamoja na mwenzake Bruda Dorotheus wa shule ya St Mary's, alianzisha meza ya chakula cha mchana kwa watoto. Angalia jinsi alivyoipanga. Mlo kamili ulikuwa peni moja. Mtoto akija na mkate wake kutoka nyumbani, analipa nusu peni, anawekewa supu. Asiye na kitu, anakula bure. Peni ilikuwepo kwa sababu mzazi maskini naye ana heshima yake, hataki mwanawe aonekane ombaomba.

Na sitaki nimpambe kupita kiasi. Walfrid alikuwa na hofu nyingine. Makanisa ya Kiprotestanti nayo yalikuwa na majiko ya supu, na Wairishi walikumbuka jinsi wakati wa ile njaa baadhi ya watu walivyopewa supu kwa sharti la kubadili dini. Alitaka watoto wa Kikatoliki wale kwao ili wasiondoke. Kwa hivyo ndani ya moyo wake kulikuwa na huruma na kulikuwa na ushindani, vyote viwili. Ndivyo binadamu tulivyo.

Somo kutoka kwa majirani

Meza ilifanya kazi, watoto wakaongezeka, doo zikapungua. Unajua hatua inayofuata kanisani: mchango, halafu mchango mwingine, halafu mchango wa kufidia ule ambao haukutimia. Waumini wanachoka. Si kwamba ni wabaya. Mtu anayelipwa kwa siku ana kiwango cha mwisho.

Walfrid akaangalia Edinburgh. Huko, mwaka 1875, padri Edward Hannan na vijana wa parokia ya St Patrick's walikuwa wameanzisha timu ya Wairishi inayoitwa Hibernian. Ilikuwa timu ya kikundi cha vijana wa kanisa, na ilichezea misaada mara nyingi. Februari 1887 Hibernian wakashinda Kombe la Scotland. Wairishi wa Glasgow wakasherehekea kama ushindi ni wao, na sherehe yenyewe ikafanyika katika ukumbi wa St Mary's, mtaa wa Calton, palepale nyumbani kwa Walfrid.

Hapo akili ikamfungukia. Yule kibarua ambaye hawezi kutoa sadaka ya tatu mwezi huo atatoa kiingilio cha mechi, tena akicheka. Na atarudi Jumamosi ijayo na rafiki yake ambaye si wa kanisa.

Novemba 6, 1887, watu walikutana katika ukumbi huohuo wa St Mary's wakaanzisha klabu. Wengi walitaka iitwe Hibernian ya Glasgow au kitu kama hicho. Walfrid akasimamia jina Celtic, kwa sababu Waselti ni Wairishi na ni Waskoti pia. Jina la kwanza lingesema sisi ni wageni hapa. Hili lilisema sisi na nyinyi tuna mizizi mimoja.

Januari 1888 wakatoa waraka wa kuomba msaada, na lengo likaandikwa bila kuzunguka: kupata fedha za meza za chakula za watoto katika parokia tatu, St Mary's, Sacred Heart na St Michael's. Askofu Mkuu wa Glasgow akawa miongoni mwa walezi.

Linganisha na malengo tunayobandika ukutani makanisani: kukua kiroho, kuwa nuru ya ulimwengu. Ni mazuri, lakini Jumatatu asubuhi utajuaje kama mmeyafikia? Lengo la Walfrid ungeweza kulihesabu saa saba mchana: ni watoto wangapi wamekula leo? Timu inajua imeshinda au imeshindwa. Waumini nao wanahitaji kitu cha namna hiyo, la sivyo wanakuja tu kwa mazoea.

Kila mtu na namba yake

Siku chache baada ya mkutano ule, klabu ikakodisha kipande cha ardhi karibu na makaburi ya Janefield, pauni 50 kwa mwaka. Kulikuwa hakuna uwanja, ni ardhi tupu. Nani aujenge?

Waumini. Wairishi wa Glasgow ndio waliokuwa wakichimba mitaro, wakibeba matofali na kujenga reli za mji huo. Jumatatu hadi Jumamosi walifanya kazi hiyo kwa bwana wa mtu. Sasa, baada ya kazi, wakaifanya kwa ajili ya kitu chao. Ndani ya miezi sita uwanja ukawa tayari, na sehemu za kusimama mashabiki.

Mwenye mdomo akapewa kazi ya mdomo. John Glass, mtu wa biashara ya ujenzi, akazunguka kuwashawishi wachezaji, na akampata James Kelly wa Renton, mmoja wa nyota wa enzi hiyo. Daktari John Conway akatoa jina lake na muda wake. Wenye mabega wakatoa mabega. Hakuna aliyeambiwa akae nyuma asubiri akomae kiroho kwanza.

Hapa nikuambie ukweli wa mtaani kwetu. Katika kanisa nililokulia tulikuwa na kikundi cha vijana, mbogi kubwa tu. Kilikufa pole pole. Hakuna aliyegombana na mchungaji, hakuna aliyebadili dini. Kazi yetu ilikuwa kupanga viti kabla ya ibada na kuvirudisha baadaye. Kulikuwa na msee anajua umeme, mwingine anajua hesabu kuliko mweka hazina, msichana aliyeweza kuongea na wazazi wa mtaa mzima. Wote walipanga viti. Ukikalishwa benchi msimu baada ya msimu, utahama hata kama unaipenda timu.

Mei 28, 1888, mechi ya kwanza. Mashabiki kama 2,000. Wageni walikuwa Rangers, ambao sehemu kubwa ya kikosi walicholeta kilikuwa cha akiba. Celtic, wakiwa na wachezaji kadhaa wa kuazima, wakashinda 5-2. Neil McCallum akafunga bao la kwanza katika historia ya klabu. Baada ya mechi timu zote mbili zikaenda kula pamoja ukumbini St Mary's. Leo ukitaja Celtic na Rangers watu wanafikiria polisi na chuki ya kidini. Ilianza kwa chakula cha jioni cha pamoja.

Msimu wa kwanza klabu ilitoa zaidi ya pauni 400 kwa misaada. Kumbuka kodi ya uwanja kwa mwaka ilikuwa pauni 50. Piga hesabu mwenyewe.

Mabao yakaanza kumeza sahani

Ningeweza kuishia hapo, ikawa hadithi tamu ya Jumapili. Lakini nitakuwa nimekudanganya.

Ili kuvutia watu unahitaji kushinda. Ili kushinda unahitaji wachezaji. Na Celtic waliwatoa wapi? Kwa Hibernian, wale wale majirani waliowafundisha kazi. Mwaka 1888 wachezaji kadhaa muhimu wa Edinburgh wakahamia Glasgow. Sheria ya Scotland wakati huo haikuruhusu kulipa wachezaji hadharani, hilo lilikubaliwa 1893, na watu wengi hawakuamini kwamba vijana hao walihama kwa upendo tu. Hibernian ikadhoofika, na kufikia 1891 ilikuwa imesimama kabisa. Ilifufuka baadaye, lakini Edinburgh hawakusahau. Timu ya kulisha watoto wa parokia moja ilikuwa imekaribia kuizika timu ya parokia nyingine.

Kisha mwenye ardhi akaona umati, akataka kodi ipande kutoka pauni 50 hadi 450. Klabu ikahamia ng'ambo ya barabara, kwenye eneo la kuchimbia udongo wa matofali, wakalijaza na kujenga uwanja mwingine mwaka 1892. Ndipo ulipo Celtic Park hadi leo. Aprili mwaka huo wakashinda Kombe la Scotland kwa mara ya kwanza, wakiwalaza Queen's Park 5-1. Gharama juu, hamu juu, mapato juu.

Na ndani ya miaka michache, fedha za meza za watoto zikapungua hadi zikakatika. Kulikuwa na wanachama waliopiga kelele, wakakumbusha watu ule waraka wa 1888. Mvutano ukaendelea kwa miaka. Mwaka 1897 klabu ikageuzwa kampuni, wenye hisa wakaanza kugawana faida.

Hapo ndipo ninapotaka usimame kidogo. Hakuna aliyesimama siku moja akasema watoto wasile. Mambo kama haya hayaji hivyo. Yanakuja kwa sababu nzuri nzuri: tumalize jukwaa kwanza, tusajili huyu kwanza, tulipe kodi kwanza. Kanisani ni vilevile. Tununue spika kwanza, tumalize paa kwanza, tuweke vigae kwanza. Yule mjane aliyetajwa kwenye mahubiri ya kuanzisha kanisa anaendelea kungoja nje ya ukuta mpya.

Aliyehamishwa bila kulalamika

Walfrid alikuwa wapi wakati huo? Agosti 1892, miezi michache baada ya lile kombe, wakubwa wa shirika lake walimhamisha. Akiwa na miaka 52, baada ya miaka mingi Glasgow, aliambiwa aende London. Bruda ana nadhiri ya utii. Akafungasha akaenda.

Ukiwa wewe ungefanyaje? Umeanzisha kitu, kimekua, kina kombe, halafu unaondolewa na wengine wanakigeuza. Angeweza kukaa London akinung'unika. Badala yake akaingia mashariki tena, safari hii mashariki ya London, mitaa ya Bethnal Green na Bow, akakuta wavulana maskini wasio na viatu, akaanza kuwaandalia mechi. Hakuwa na uwanja wa kutajika, hakuna kombe. Hakuanzisha Celtic ya pili. Alirudi tu kwenye kazi yake ya kwanza.

Nafikiri hapo ndipo utamjua mtu. Kocha aliyependa sifa angetafuta timu kubwa nyingine. Huyu alitafuta watoto wengine.

Uzeeni alirudi Scotland, akaishi na mabruda wenzake Dumfries, kusini mwa nchi. Alifariki huko Aprili 17, 1915, akiwa karibu kutimiza miaka 75, akazikwa katika makaburi ya watawa. Mwaka 2005 sanamu yake ilizinduliwa nje ya Celtic Park. Bruda ameketi. Siku hizi klabu ina wakfu wake wa misaada, na mashabiki wakitaka kuukumbusha uongozi ulikotoka, wanalitaja jina lake.

Sasa rudi kwenu

Wanyama alivaa jezi namba 67 kule Celtic, kuwaenzi vijana waliotwaa Kombe la Ulaya mwaka 1967, wote wamezaliwa ndani ya maili 30 kutoka uwanjani. Vijana wa mtaa, kwa ufupi. Na mtaa huo ulipata uwanja kwa sababu mtu mmoja alihesabu watoto wenye njaa darasani mwake.

Sikuambii kila kanisa lianzishe timu. Wengine watafanya hivyo, watanunua jezi zenye picha ya mchungaji, na itaishia hapo. Mpira ulikuwa njia ya Walfrid kwa sababu watu wake walipenda mpira. Watu wako wanapenda nini? Muziki, boda, nywele, simu? Anzia hapo.

Lakini kabla ya hapo, fanya alichofanya yeye kabla ya mkutano wa 1887. Jumapili hii ibada ikiisha, usikimbilie matatu. Zunguka kanisa lenu kwa miguu, dakika kumi kila upande. Nani hajala? Mtoto gani hayuko shuleni? Mzee gani anaishi peke yake? Andika. Halafu peleka hiyo orodha kwenye kikao cha vijana, na umpe kila mtu namba yake.

Na mkifanikiwa, maanake mnaweza kufanikiwa, chagueni mtu mmoja mkorofi kidogo, asiyependa kupendeza watu. Kazi yake iwe moja tu: kila mwezi asimame mbele ya wote, hata kama kuna spika mpya, hata kama paa linang'aa, aulize ni watoto wangapi wamekula.